Siku Mama Aliporudisha Ng'ombe wa Wazungu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilizaliwa Gehandu, nikasoma sekondari Mbulu kwa sababu nilipelekwa, na nilipomaliza kidato cha nne nilirudi mbio kama mtu aliyesahau chungu jikoni. Wenzangu walikwenda Arusha, wengine Dar es Salaam, wakawa makarani na madereva. Mimi nilikwenda zizini. Kwetu mtoto wa mwisho wa kiume ndiye hubaki na mama, kwa hiyo nilikuwa na kisingizio cha heshima, na nimekitumia mpaka kimechakaa. Mama mwenyewe hakudanganyika. Mgeni akimuuliza huyu kijana wako yuko wapi siku hizi, alijibu, "Huyu? Nenda nyuma ya nyumba, angalia penye jua."

Enzi hizo ngano ya serikali ilianza pale mahindi yetu yalipoishia, ikaenda mpaka macho yachoke. Hakukuwa na mti katikati, wala nyumba. Wakati wa mavuno kombaini zilipita zikiwa zimejipanga, moja nyuma ya nyingine, na vumbi lake lilifika hadi kwenye uji wetu. Jirani yetu mfugaji, Mbarbaig mmoja mrefu mwenye shuka isiyochakaa, alikuwa akisimama ukingoni mwa ngano na fimbo yake mabegani, akitazama mahali ambapo baba yake alichungia na alipozikwa. Hakuwa msemaji. Akishatazama, alipiga mluzi, ng'ombe wake wakageuka.

Wazungu waliokuja na mashine hizo waliishi ng'ambo ya korongo, kwenye nyumba za mbao zilizozungushiwa waya. Walikuwa na jenereta, na mlingoti wa simu ya upepo, na kiwanja cha ndege ndogo ya kunyunyizia dawa. Walikuwa wataalamu wa kilimo tu, lakini jaribu kumwambia hivyo mjomba wangu. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa sajenti mstaafu. Katika ujana wake alifundishwa kazi na maofisa wa kigeni, na tangu hapo aliamini kwamba mzungu yeyote anayekula kwa kengele ni askari.

"Wanaamka pamoja, wanakula pamoja, wanazima taa pamoja," alisema. "Hicho ni kituo cha kijeshi. Ngano ni kujificha tu."

"Kujificha vipi, mjomba?" niliuliza. "Na yale matrekta yote?"

"Wewe umesoma sekondari. Mambo ya usalama yako juu yako."

Miongoni mwao alikuwepo fundi wa kombaini, mzungu mnene mwenye mikono isiyotakata, ambaye mama alimpelekea mayai kila wiki. Kiswahili alikiokota karakana, kikawa na grisi kama yeye mwenyewe. Akimwona mama anavuka korongo na kapu alipiga kelele toka mbali, "Shikamoo mama wa mayai!" na mama, ambaye huenda alilingana naye umri, aliitika "Marahaba mwanangu" kwa furaha isiyo na aibu.

Kisha mkataba wao uliisha, na wazungu wakaanza kufunga mizigo. Siku za mwisho fundi alivuka korongo mwenyewe, akiwa na kamba mkononi, na mwisho wa kamba hiyo ng'ombe. Si ng'ombe kama hawa wetu. Alikuwa mweusi na mweupe, mpana kama meza, ana hereni ya plastiki ya njano sikioni, tena ana mimba. Walikuwa wakimfuga kwa ajili ya maziwa ya watoto wao.

"Mama, nakupa huyu," alisema fundi. "Zawadi. Mimi naenda."

Mama alimshukuru, akamfungia mayai na kuku mmoja wa safari, akamsindikiza mpaka korongoni. Aliporudi alimtazama ng'ombe kwa muda mrefu, akaniambia, "Tumewekewa ng'ombe."

"Mama, amesema zawadi."

"Wazungu wana adabu sana," alisema mama.

Hapa inabidi nieleze, maana msomaji wa kutoka pwani atashangaa kama alivyoshangaa muuguzi wa zahanati yetu. Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwenye zizi moja. Mmoja humpeleka kwa rafiki. Rafiki hukamua, hunywa, hupata samadi ya shamba. Lakini ng'ombe ni wa mwenyewe, na ndama ni wa mwenyewe, hata ikipita miaka na miaka. Ng'ombe akifa, mtunzaji humwonyesha mwenyewe ngozi ili ajue hakuliwa kwa siri. Na mwenyewe, akiridhika na utunzaji, siku moja atamkatia mtunzaji ndama mmoja, mbele ya mashahidi, na huyo ndiye anakuwa wako kweli. Ndivyo urafiki ulivyoendeshwa kwetu. Ama ng'ombe mwenye mimba, kupewa bure na mtu asiye ndugu, hilo halikuwepo. Mama hakuwa na mahali pa kuliweka kichwani. Kwa hiyo aliliweka mahali palipokuwepo.

Ng'ombe yule alizaa mtamba, ndama wa kike. Alitoa maziwa mpaka tukakosa vyombo. Muuguzi, aliyeletwa kwetu na serikali kutoka Tanga na ambaye alilia wiki nzima kwa sababu ya baridi, aliacha kulia alipoanza kunywa chai ya maziwa ya mama. Akawa anakuja kila asubuhi na chupa yake, amejifunga khanga juu ya sweta juu ya sweta nyingine. "Shikamoo mama. Nimekuja kwa mgonjwa wangu," alisema, akimaanisha ng'ombe. Mama, ambaye tangu baba afariki alikuwa mtu wa kuombewa kanisani, akawa mtu wa kuombwa. Mwenye mtoto mchanga alikuja kwake. Mwenye mgeni wa ghafla alikuja kwake. Alitembea tofauti hata akienda kisimani.

Yule ng'ombe wa kwanza baadaye alikufa kwa ugonjwa, baridi na umri. Mama alilia kidogo, kisha akasimamia uchunaji kama daktari. Ngozi ilianikwa, ikakunjwa, sikio na hereni yake ya njano vikabaki palepale, na ikapandishwa darini juu ya kitanda changu. Niliomba niilalie, maana nilikuwa na godoro jembamba la kusikitisha.

"Si yako," mama alisema.

"Na harufu yake, mama, hiyo ni ya nani?"

"Hiyo unaweza kuichukua."

Kwa hiyo tukaendelea, mimi chini na ngozi juu, na mtamba akakua akawa ng'ombe wa maziwa kumshinda mama yake. Shamba la serikali nalo likawa linazeeka. Kombaini moja ikifa, walitoa vifaa vyake kuponya nyingine, ikafa na ile nyingine. Magugu yakaanza kusimama juu kuliko ngano. Hakuna aliyewataja wazungu isipokuwa mjomba.

Halafu ikaja ile habari ya redioni.

Dukani palikuwa na redio moja kubwa ambayo mwenye duka aliifungulia taarifa ya habari ili watu wakae wanunue soda. Jioni hiyo mtangazaji alisema kuna nchi fulani ya mbali, yenye visiwa, ambayo iliwahi kuwaondoa askari wa kigeni na kufunga vituo vyao vya kijeshi. Sasa serikali yake inajadili kama iwakaribishe tena. Ilikuwa habari fupi, kati ya bei ya kahawa na mpira. Nchi yenyewe ilikuwa mbali kiasi kwamba hata mimi, niliyepata alama nzuri ya jiografia, nisingeweza kuionyesha bila ramani na muda wa kutosha.

Mjomba aliweka chupa chini. "Mmesikia? Wanarudi."

"Huko, mjomba. Si huku."

"Wakianza kurudi, wanarudi kila mahali. Jeshi halirudi nusu." Akanyoosha mgongo. "Na mimi nasema waje. Mnajua kituo cha kijeshi kina nini? Kina kantini! Kina nyama ya kopo, kina viatu, kina daktari wa meno. Barabara ya kwenda Katesh itawekwa lami ndani ya mwaka."

Muuguzi, aliyekuwa amekuja kununua mafuta ya taa, aligeuka. "Samahani, mzee wangu. Bibi yangu alikuwa akitusimulia vita ya zamani ya wazungu kwa wazungu. Askari walipita kwao wakenda, wakapita wakarudi. Walipokwenda waliwakuta na kuku. Waliporudi walikuta mabanda."

Watu wakacheka. Mjomba naye akacheka, lakini kidogo.

"Hao walikuwa hawana kantini," alisema.

Jirani yetu Mbarbaig alikuwa amesimama mlangoni akinunua tumbaku. Alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Waliokuja kwa ngano walichukua hapa mpaka pale. Hao walikuwa na trekta. Mwenye bunduki atataka mpaka wapi?" Akapokea tumbaku yake, akaondoka. Mtangazaji aliendelea na mpira, ila hakuna aliyejua nani kamfunga nani.

Nilimsimulia mama habari hiyo wakati anakamua, kama kichekesho. Mikono yake ikasimama kwenye chuchu.

"Wale wa ng'ambo wanarudi?"

"Mama, ni nchi nyingine kabisa. Ni askari. Wale walikuwa mafundi."

"Mjomba wako alisema siku zote ni askari."

"Mjomba pia alisema padri ni askari kwa sababu ana kengele."

Hakucheka. Aliendelea kukamua polepole, paji la uso ameliegemeza kwenye ubavu wa ng'ombe, na nilimsikia akimwambia ng'ombe jambo kwa lugha yetu ambalo halikuwa la masikio yangu. Nikaenda zangu penye jua. Lakini siku ile jua lilikuwa halikaliki vizuri.

Pengine ingekwisha hivyo kama si chokaa. Wiki iliyofuata walionekana watu kwenye kile kiwanja cha ndege, wana kamba na miti ya kupimia. Walifyeka nyasi. Kisha wakapaka chokaa mawe ya pembeni, moja baada ya jingine, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mjomba alikwenda kutazama akarudi amebadilika sura.

"Mawe meupe," alisema akiwa bado mlangoni. "Mnaelewa? Raia hapaki jiwe chokaa! Nimepaka mawe chokaa miaka kumi na moja. Hilo ni jeshi."

Siku ya pili alitoa koti lake la zamani kwenye sanduku, likawa limekataa kufunga tumboni. Akawaita vijana wa mgambo akawafundisha gwaride la mapokezi uwanjani mwa shule, kwa fimbo badala ya bunduki. Nami nilikaribishwa, nikasema nina mgongo. Kijiji kikagawanyika. Kuna waliohesabu kazi watakazopata za kufua na kupika, na kuna waliokwenda kuficha kuku kwa ndugu zao Endagikot. Muuguzi alinicheka: "Wewe kidato cha nne, waeleze basi!" Nilieleza. Nilieleza vizuri sana, kwa mifano, na kila niliyemweleza aliondoka na hofu mpya ambayo hakuwa nayo kabla.

Mama hakuuliza habari za bunduki wala kantini. Alifagia zizi. Alimpaka ng'ombe mafuta kwenye pembe. Alimwosha na ndama wake, kitoto cha kike cheupe chenye doa kichwani, kilichozaliwa miezi michache kabla. Jioni moja aliniita.

"Teremsha ngozi."

"Mama, mtu mwenyewe alikupa. Nilikuwepo. Alisema zawadi."

"Akija kuniuliza, nitasema nini? Kwamba nilinyamaza?" Alikaa juu ya kigoda, mikono magotini. "Mtu akiwekewa ng'ombe, hasubiri aulizwe. Anamswaga mwenyewe mpaka alipo mwenye ng'ombe. Anasema, huyu hapa, na huyu ndama, na ngozi ya yule ni hii. Baba yako alifanya hivyo. Babu yako alifanya hivyo. Mimi nitaitwa nani, yule mama aliyewala ng'ombe wa watu walipogeuza mgongo?"

"Na maziwa je?"

Aliangalia pembeni. "Tulikunywa chai ya rangi kabla," alisema.

Sijawahi kumwona mama yangu mdogo kama alivyokuwa juu ya kigoda kile. Nilipanda darini. Ngozi ilinishukia kichwani pamoja na vumbi la miaka yote, na mama akaanza kucheka mpaka akafuta machozi, na mimi nikafurahi kwamba walau nimefaa kitu.

Habari ikafika kwamba ndege itatua asubuhi ya siku fulani. Mjomba alipanga mgambo wake kando ya mawe meupe. Meneja wa shamba alikuwepo na tai. Mwalimu mkuu alileta wanafunzi waimbe. Na mama, kwa sababu haki ikirudishwa hurudishwa mapema, alikuwa amefika kabla ya wote. Akavuka korongo akanyoosha moja kwa moja mpaka katikati ya kiwanja, palipokuwa na nyasi fupi nzuri, akasimamisha ng'ombe na ndama wake hapo. Nyuma yake nilikuja mimi na suti ya harusi ya kaka yangu, ngozi begani, nikinuka kama karne iliyopita.

"Mama, hapa ndege inakanyaga," nilimwambia.

"Ndiyo maana. Ataniona kwanza."

Ndege ilitokea upande wa mlima Hanang, ndogo kama nzi, halafu ikawa kubwa ghafla. Ng'ombe alikuwa amezaliwa siku ambazo ndege zilishaacha kuja. Aliangalia juu, akaona kitu ambacho mama yake hakumsimulia, akainua mkia, akakimbia. Hakukimbilia pembeni. Alikimbia katikati kabisa ya kiwanja, sawasawa na mstari wa mawe, na ndama nyuma yake.

"Mshike!" mama alipiga kelele.

Nilimkimbilia. Ninaandika hivi kwa utulivu, lakini nataka ieleweke kwamba sikuwa nimekimbia tangu shule. Ngozi ilinipiga mgongoni kwa kila hatua, plapu, plapu. Suti iliachia mahali ambapo suti haipaswi kuachia. Ndege ikashuka, ikatuona, ikanguruma ikapanda tena juu ya vichwa vyetu, na upepo wake ukanilaza chali juu ya ngozi. Kwa hiyo hatimaye niliilalia. Pembeni mjomba, akidhani ni saluti ya angani, alipaza sauti, "Mgambooo! Heshimaaa, toa!" na vijana wote wakainua fimbo. Wanafunzi walidhani ndiyo ishara yao wakaanza kuimba.

Ndege ilizunguka, ikazunguka tena. Aliyemshika ng'ombe mwishowe ni jirani yetu Mbarbaig. Alitoka ukingoni alikokuwa amesimama akitazama, akapiga mluzi ule wake mara moja tu. Ng'ombe akageuka, akaja akasimama karibu naye akihema, kama aliyepata mtu mzima wa kuongea naye. Jirani alinitazama nilivyolala. "Ngozi hii ilikufa mara mbili," alisema, akaondoka na ng'ombe kando ya kiwanja.

Ndege ikatua. Sote tukasubiri bunduki. Mlango ulifunguka, akashuka rubani, akashuka ofisa mmoja wa serikali mwenye mkoba, akashuka mzungu mmoja mnene, akiwa ameshikilia goti lake. Hakuna mwingine. Mjomba alichungulia ndani ya ndege kama mtu anayetafuta askari chini ya viti.

Alikuwa fundi. Shamba lilikuwa limemwomba aje siku chache atazame kama kombaini zilizokufa zinaweza kufufuliwa. Alikuwa amenenepa zaidi, nywele zimepungua, na kwenye kundi lote lile, meneja na tai yake, mgambo na fimbo zao, alimwona mmoja tu.

"Shikamoo mama wa mayai!"

"Marahaba, mwanangu," mama alisema, lakini bila ile furaha ya zamani. Alisimama wima. Akaniashiria. Nikatandaza ngozi chini mbele ya miguu ya fundi, sikio na hereni ya njano juu.

"Huyu ndiye uliyeniwekea," mama alisema. "Alikufa kwa ugonjwa, hakuliwa kwa siri, majirani walikuwepo. Yule pale ni mwanawe. Na yule ni ndama wa mwanawe. Hakuna mwingine. Wachukue."

Fundi aliangalia ngozi, akaangalia ng'ombe, akaniangalia mimi, niliyekuwa nimeziba tundu la suruali kwa kiganja. "Sielewi," alisema. "Mama, mimi nilikupa. Zawadi. Huyu ni wako. Wote wako."

"Unaona adabu yake?" mama alimwambia mjomba. Kisha kwa fundi: "Wachukue tu, mwanangu. Sina neno."

"Lakini mimi sitaki ng'ombe! Nitampeleka wapi?"

Mama akainama kidogo, na hapo niliona jinsi alivyokuwa akijizuia. Mzungu amekataa kumpokea ng'ombe wake mbele ya watu. Maana yake nini, kwamba hakuridhika? Ng'ombe ana kasoro? Watu walianza kunong'ona. Meneja alitazama saa.

Ofisa mwenye mkoba alinitaka nimtafsirie mgeni haraka waende. Nilifungua mdomo. Kiingereza changu cha kidato cha nne kilikuwa kimekimbia kurudi Mbulu kilikotoka. Nikatumia Kiswahili cha polepole, kile cha karakana, na mikono. Nilimwambia fundi: kwetu ng'ombe hapewi mtu hivi. Anawekwa. Ukimlazimisha mama kuwa mwizi wa zawadi, utamuua. Ukiwachukua, maziwa yanakwisha, na hilo nalo litamuua, ila polepole.

Fundi alisikiliza, akikuna goti. Alikuwa mtu aliyezoea mashine ambazo hazisemi zinaumwa wapi.

"Na mwenye ng'ombe," aliniuliza, "mwenye ng'ombe mzuri, yeye anafanya nini?"

"Anaipokea ngozi kwa mkono wake," nilisema. "Anasema ameridhika. Kisha anasema aliye hai aendelee kukaa. Na kama ana moyo, anamkatia mtunzaji ndama. Mbele ya shahidi."

Fundi aliinama, goti lake likalia, akainua ngozi kwa mikono miwili. Harufu ikampiga akafumba macho, lakini hakuiacha. "Mama wa mayai," alisema, "nimeona ngozi. Nimeridhika. Ng'ombe wangu akae kwako. Mimi nitarudi tena, siku moja."

"Lini?" mama aliuliza.

"Sijui lini."

"Sawa," mama alisema, na sauti yake ikaanza kupata joto. "Hakuna anayejua lini."

"Na yule mdogo, mweupe," alisema fundi akinyoosha kidole, "huyo ni wako. Umefanya kazi nzuri. Shahidi ni..." Akatafuta kwa macho, akamwona mzee mwenye koti la jeshi lisilofunga. "Shahidi ni huyu afande."

Mjomba alikuwa amepoteza kituo cha kijeshi, kantini, lami na daktari wa meno kwa asubuhi moja. Alipoitwa afande alipiga saluti ambayo nadhani mpaka leo inasikika Katesh.

Mama akapiga kigelegele. Akamshika fundi mkono akautikisa na ngozi yake. "Sasa umeongea kama mtu mwenye akili!" alimwambia. "Siku ile uliongea kama mtoto."

Fundi alikaa siku zake, akazitazama kombaini, akatikisa kichwa. Hazikufufuka. Kila asubuhi mama alimpelekea maziwa na mayai, na aliyebeba kapu ni mimi, kuvuka korongo kwenda na kurudi, safari yangu ndefu ya mwaka ule. Siku ya fundi kuondoka, rubani alikataa ngozi isiingie ndegeni. Walibishana kwa Kiingereza cha haraka, nami nikajifanya sielewi, kazi ambayo haikunitesa. Mwishowe ilifungwa kwenye gunia, gunia ndani ya gunia, ikawekwa mkiani kabisa.

Mjomba aliendelea kusema kwamba ule ulikuwa upelelezi, na kwamba kikosi kitafuata. Wakati fulani redio ilisema tena jambo kuhusu ile nchi ya visiwa, kwamba askari wa kigeni pengine watarudi, pengine hawatarudi, bado wanajadili. Nilikuwa penye jua. Nikamwita mama, nikamtania, "Mama! Wanasema wanarudi!"

Alitoka zizini na ufagio, ndama mweupe amemfuata akimnyonya pindo la kitenge.

"Waje," alisema. "Wa kwao yupo, amefungwa pale, na afya yake nzuri. Huyu tu wasimguse." Akamsukuma ndama kwa goti, ndama akarudi palepale. "Huyu ni wangu."